Harvard: Ndege ya Shule Iliyopelekwa Nyandarua

Kuwasha Harvard si mambo ya kitufe kimoja. Unafungua tanki, unapampu mafuta kwa mkono mpaka mshale wa shinikizo upande, halafu unatafuta pedali ndogo iliyo sakafuni, katikati ya zile mbili za usukani. Unaikanyaga kwa kisigino. Mahali fulani mbele yako gurudumu zito linaanza kuzunguka, sauti yake ikipanda polepole kama king'ora kinachotoka mbali. Ukisikia imefika juu kabisa unabadilisha mguu, unakanyaga kwa vidole. Propela inajivuta mara moja, mara mbili, injini inakohoa, moshi unafunika kioo, kisha silinda zote tisa zinakubaliana na meza yako inaanza kutetemeka.

Meza, ndiyo, kwa sababu hii Harvard iko ndani ya kompyuta. Ukitaka kuirusha katika Microsoft Flight Simulator ya 2020 unahitaji gigabaiti 150 za nafasi, na kama unaishi kwa bando kama wengi wetu, hiyo peke yake ni mradi wa mwezi. Unahitaji pia saa nyingi ambazo hakuna mtu anakudai. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo saa ndizo nilizokuwa nazo.

Kwanza jina. Harvard ni jina la Waingereza. Wamarekani walioiunda, kampuni ya North American Aviation, waliiita T-6 Texan. Ni ndege ileile: viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma, injini ya Pratt & Whitney ya nguvu za farasi 600, mabawa ya mita 12 na ushee. Babu yake alipaa mara ya kwanza Aprili 1935. Kufikia mwisho wa utengenezaji zilikuwa zimeundwa 15,495. Kama rubani yeyote wa upande wa Waingereza na Wamarekani alirusha Spitfire au Mustang katika Vita vya Pili vya Dunia, kuna uwezekano mkubwa alipitia kwanza mikononi mwa hii ndege ya shule.

Na ilikuwa mwalimu mkali. Uzuri wa wale wanaoziunda upya kwenye simuleta ni kwamba hawajaipunguzia ukali. Kampuni ya A2A Simulations ilipotoa T-6 yake kwa ajili ya Flight Simulator X, iliunda ndege yenye kumbukumbu: ukiitesa injini leo, kesho inaamka na maumivu yaleyale. Haidroliki haifanyi kazi mpaka uiombe. Kuna kitu cha kusukuma kabla ya kuteremsha magurudumu, na ukikisahau unaweza kuvuta mkono wa magurudumu mpaka jioni na yasishuke. Ukipunguza mwendo kupita kiasi bawa moja linaanguka ghafla, bila adabu ya kukuonya. Na ukishatua salama ndipo shida inaanza. Gurudumu la tatu liko mkiani, uzito uko nyuma, na ndege ikipinda kidogo tu, mkia unataka kuipita pua. Ukichelewa na pedali nusu sekunde unajikuta unaangalia ulikotoka, bawa limekwaruza lami. Marubani wa kweli walilipa kosa hilo kwa vyuma, wengine kwa mifupa. Wewe unabonyeza kitufe unaanza upya.

Wanaounda ndege hizi huanza na karatasi. Vile vitabu vya rubani vilivyochapwa wakati wa vita bado vipo, kila ukurasa: mwendo wa kupaa, joto la mafuta, mahali pa kila swichi, hata rangi ya kila mkono. Kisha wanapiga picha za ndege zilizobaki, maana Harvard bado zinaruka kwa mamia duniani. Wanapima na kurekodi. Sauti hasa ndiyo wapenzi wa simuleta hubishania kama wengine wanavyobishania Gor na Ingwe.

Ina sababu, hiyo sauti. Propela ya Harvard ina upana wa futi 9, karibu mita 2.7, na imefungwa moja kwa moja kwenye injini bila gia za kuipunguza kasi. Wakati wa kupaa injini inazunguka mara 2,250 kwa dakika. Piga hesabu: ncha za propela zinakata hewa kwa kasi ya mita 320 hivi kwa sekunde. Kasi ya sauti yenyewe ni kama mita 340. Kwa hivyo ncha hizo zinakaribia kuvunja kizuizi cha sauti ilhali ndege yenyewe haina haraka ya ajabu, ndiyo maana inatoa mlio wa kuchana, mlio unaotangulia ndege na kubaki baada yake. Mtu aliyewahi kuusikia haulinganishi na wa ndege nyingine. Kumbuka huo mlio, nitaurudia.

Kuna kitu kingine cha kuchekesha kidogo kuhusu simuleta na ndege za shule: simuleta ndiyo ilitangulia kwenda vitani. Mwaka 1929 Edwin Link wa Binghamton, jimbo la New York, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alichukua mivukuto ile ya kusukuma hewa ndani ya kinanda na kuifunga chini ya sanduku lenye mabawa mafupi. Ukikaa ndani na kuvuta usukani, sanduku linainama kama ndege. Jeshi halikulitaka. Link akayauzia viwanja vya starehe, watu wakitumbukiza sarafu kujifurahisha. Ilikuwa gemu kabisa. Halafu mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani wake wakafa mmoja baada ya mwingine kwa sababu hawakujua kuruka ndani ya mawingu kwa kusoma saa tu. Mwaka huohuo jeshi likanunua masanduku sita. Kufikia mwisho wa vita yalikuwa yameundwa zaidi ya 10,000. Mwanafunzi wa Harvard alikuwa akitoka kwenye ndege na kuingia kwenye sanduku, akitoka kwenye sanduku na kurudi kwenye ndege. Kwa hivyo wewe unayerusha Harvard ya kompyuta hujaharibu historia yake. Umeirudisha gemu kwa wenyewe.

Shule zenyewe zilikuwa kiwanda. Desemba 17, 1939, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand zilitia saini mpango wa kufundisha marubani mbali na mabomu ya Wajerumani. Kanada peke yake ilitoa zaidi ya watu 131,000 wa kuhudumu ndegeni. Rhodesia Kusini, Zimbabwe ya leo, ilifungua shule yake ya kwanza Mei 1940 pale Belvedere, Salisbury, na nyingine zikafuata. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, anga tupu, na ardhi ilikuwa imeshachukuliwa. Pale Thornhill, karibu na mji wa Gwelo, wanafunzi walirusha Harvard. Mmoja wa vijana waliojifunza urubani upande huo wa Gwelo aliitwa Ian Smith, na wazee wanajua alikuja kufanya nini na nchi hiyo mwaka 1965.

Waafrika walikuwepo kwenye viwanja hivyo, ila si ndani ya ndege. Waliwekewa kikosi chao, Rhodesian Air Askari Corps, wakalinda mageti na maghala na kufanya kazi za chini. Anayesoma kitabu cha rubani cha Harvard leo, chenye michoro yake mizuri, asisahau kulikuwa na mtu nje ameshika bunduki au jembe ambaye hakuruhusiwa kukifungua. Marekani nako ubaguzi ulikuwa na uwanja wake: kule Tuskegee, Alabama, vijana weusi walijengewa shule yao kando, na hatua ya juu ya mafunzo waliifanya kwa ndege hiihii. Kati ya 1941 na 1946 walihitimu pale marubani zaidi ya 900. Kwa jinsi ninavyoona mimi, hao ndio waliomfanya huyu mwalimu mkali apate sifa ya maana kuliko zote.

Nairobi pia ilikuwa darasa, ingawa kwa ndege ndogo zaidi. Mwishoni mwa 1939 Roald Dahl, ambaye baadaye aliandika zile hadithi za watoto, alitoka Dar es Salaam kwa gari akaja kujiandikisha na jeshi la anga la Uingereza, RAF, hapa Nairobi. Alifundishwa kwa Tiger Moth, ndege ya mabawa mawili mawili, juu ya nyika yenye twiga. Wenzake wengi wa darasa hilo hawakuumaliza ule vita.

Hapa ndipo wapenzi wengi wa simuleta wanapofunga kitabu. Vita vimeisha 1945, ndege ya shule imefanya kazi yake, iliyobaki ni maonyesho na filamu. Na kweli, ukitazama filamu ya Tora! Tora! Tora! ya 1970, zile ndege za Kijapani zinazoshambulia Pearl Harbor, nyingi ni T-6 zilizovalishwa nguo za watu. Afrika Kusini ilifundisha marubani wake kwa Harvard mpaka 1995. Kule Nevada, mpaka 2023, zilikuwa zikishindana mbio za Reno, kundi lao wenyewe, na ndiyo maana T-6 iliyoingia kwenye Flight Simulator Novemba 2021 ilikuja na kifurushi cha mbio hizo: rangi za kung'aa, namba kubwa ubavuni.

Lakini Harvard ilikuwa na kazi nyingine, na kazi hiyo ilianzia Thika.

Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring Oktoba 20, 1952. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1953, misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikatangazwa maeneo yaliyopigwa marufuku. Maana yake kwa lugha ya kawaida: atakayeonekana humo anaweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Machi mwaka huo RAF ikaanzisha kikosi kidogo pale Thika kilichoitwa 1340 Flight. (Injini ya Harvard nayo, kwa bahati tu, inaitwa R-1340. Sina la kusema kuhusu hilo, ila huwezi kuliona ukaliacha.) Ndege zake zilitoka Rhodesia Kusini, ambako RAF ilikuwa inafunga shule zake za baada ya vita. Zilikuwa Harvard. Zilifungwa bunduki ya rashasha, zikatundikwa chini ya mabawa mabomu madogo ya ratili 20, kilo 9 hivi, yale ya kutawanya vipande, na kikosi kikahamishiwa Mweiga, kaunti ya Nyeri ya leo.

Kwa nini ndege ya shule? Kwa sababu ilikuwa karibu, ilikuwa rahisi kuitunza, na adui hakuwa na ndege wala mzinga wa kutungua ndege. Ukiwa huna mtu wa kukurudishia risasi huhitaji Spitfire. Kuna jambo jingine ambalo nililielewa tu baada ya kuruka kutoka Mweiga ndani ya simuleta. Uwanja uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini inapungukiwa pumzi, ndege inakula uwanja karibu wote kabla ya kukubali kuondoka. Halafu mbele yako Nyandarua inasimama kama ukuta, kilele cha Lesatima kikifika mita 4,000. Kufikia ukingo wa msitu ni dakika chache tu. Hujamaliza kupandisha magurudumu vizuri na kupanga mzunguko wa injini, tayari chini yako ni miti.

Dakika chache. Nilikuwa nimesoma kuhusu mabomu ya Nyandarua shuleni, mstari mmoja kwenye kitabu cha historia, na kichwani mwangu ndege zilitoka mbali, zikaja, zikaenda. Haikuwa hivyo. Watu wa Mweiga na vijiji vya kando ya msitu waliweza kusikia ndege ikiwashwa, ikipaa, ikiangusha, ikirudi, yote wakiwa shambani au kwenye foleni ya maji. Kutoka katikati ya 1954 wengi wao hawakuwa hata nyumbani kwao. Serikali ilihamisha zaidi ya watu milioni moja, Wakikuyu na ndugu zao, ikawasukuma kwenye vijiji zaidi ya 800 vyenye ua na walinzi. Kando ya msitu wakachimbishwa handaki refu, bila malipo, ili chakula kisiwafikie wapiganaji.

Cucu yangu alikulia kwenye kimoja cha vijiji hivyo. Hazungumzii sana mambo hayo, na mimi si mtu wa kumlazimisha. Siku moja nilikuwa kwake na laptop, nikamwekea sauti ya Harvard ikipaa, ile iliyorekodiwa kwenye ndege ya kweli. Nilifikiri angesema ndiyo au hapana. Alisikiliza mpaka ikaanza kufifia, akaniuliza: "Inaenda upande gani?" Sikumwelewa, nikamwambia ni kompyuta tu, haiendi popote. Akasema wao walikuwa wanajua kwa kusikia. Ikiwa inaelekea juu, msituni, mama aliendelea kulima, lakini alinyamaza, kwa sababu kaka zake wawili walikuwa huko. Ikiwa inazunguka inarudi, watoto waliingia ndani. Hakusema zaidi, akaniagiza nikafungie kuku.

Kiufundi wanaume wa simuleta wana neno kwa hicho alichokieleza: mlio wa injini ikija ni wa juu, ikienda unashuka. Mtoto wa kijiji cha Hali ya Hatari aliisoma fizikia hiyo bila daftari.

Harvard hazikuwa peke yake. Polisi wa akiba walikuwa na ndege zao ndogo za kupeleleza, na Novemba 1953 yakaja madude makubwa ya injini nne, Lincoln, yakikaa Eastleigh, pale ambapo sasa ni Moi Air Base. Nyingine zilifungwa vipaza sauti zikapita juu ya msitu zikiwaita wapiganaji wajisalimishe. Agosti 1953 Jenerali Erskine alitoa wito wa tawi la kijani: ukitoka na tawi mkononi hutapigwa risasi. Karatasi za wito zilimwagwa kutoka angani. Kwa hivyo mtu aliyekuwa msituni, akisikia injini, hakujua kama yanakuja maneno au chuma.

Je, mabomu yalifanya kazi? Hata ndani ya jeshi la Uingereza walibishana. Bomu la ratili 20 likianguka kwenye mianzi minene na matope linamezwa kama jiwe kwenye kinamasi. Rubani hakuona mtu, aliona majani. Wapiganaji walizoea kuhama, kuzima moto mapema, kukaa chini ya miti mikubwa. Tembo na nyati ndio waliojeruhiwa wakabaki na hasira kwa yeyote anayepita, mwasi au askari. Kilichouvunja upinzani kilikuwa zaidi ardhini: Operesheni Anvil ya Aprili 1954 iliyoifagia Nairobi, kambi za kizuizini, handaki, vijiji, na mwishowe wapiganaji waliogeuzwa wakatumwa kuwinda wenzao. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956. Kikosi cha 1340 kilikuwa kimevunjwa mwaka mmoja kabla.

Lakini swali la kama yalifanya kazi ni swali la mwenye ndege. Kwa aliye chini hesabu ni nyingine. Mwanamume anayelala na kiatu mguuni kwa miaka miwili kwa sababu ya mlio, ndege imeshamfanyia kazi hata kama haijampiga.

Kenya haikuwa ya peke yake. Wafaransa walipeleka mamia ya T-6 Algeria. Wareno walizitumia Angola, Msumbiji na Guinea mpaka 1974. Wakati mwingine upande ulibadilika: mwaka 1969 Biafra, yenyewe ikizingirwa na kufa njaa, ilipata chache kuukuu na kuzitumia dhidi ya Nigeria. Ukiweka ramani ya Afrika ya miaka hiyo mezani na kutia alama kila mahali ambapo ndege hii ya shule ilifungwa mabomu, unapata orodha nzuri ya vita vya uhuru. Ile sifa ya kuwa mwalimu wa marubani wa dunia huru inabaki kweli. Hii nayo ni kweli, na ilifanywa na vyuma vilevile.

Sasa rudi kwenye ile karatasi ya waundaji wa simuleta. Kila kitu kuhusu Harvard kimehifadhiwa. Najua joto sahihi la mafuta yake. Najua pedali ya kuwashia iko wapi gizani. Mtu aliyeko Ohio anaweza kubishana na mtu aliyeko Brisbane kuhusu rangi ya mkono wa magurudumu na wote wawili wakatoa ushahidi. Linganisha na upande wa pili. Waingereza walipoondoka, mafaili mengi ya Kenya yalichomwa, na mengine yakasafirishwa kimyakimya. Yaliyofichwa Hanslope Park yalikubaliwa kuwepo mwaka 2011 tu, kesi ikiwa tayari mahakamani. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Kesi hiyo ilihusu mateso ya kizuizini. Waliofia chini ya mianzi hawakuwa na mahali pa kupanga foleni, na orodha ya majina yao siwezi kuipakua popote kwa bando la ukubwa wowote.

Siwalaumu waundaji. Simuleta ya Microsoft haina silaha zinazofanya kazi, na binafsi sitaki kubonyeza kitu kinachoangusha bomu Nyandarua. Mtu anayeunda upya ndege kwa upendo mpaka msumari wa mwisho anafanya kazi ambayo wahifadhi wengi wa nyaraka wangeionea wivu. Shida ni kwamba upendo huo unapewa rangi chache za kuchagua: manjano ya shule, fedha ya maonyesho, nyekundu ya mbio. Mtu akiipakua anadhani amepata historia yote kwa sababu kila swichi ipo.

Uzuri wa hobi hii ni kwamba mtu yeyote anaweza kuchora rangi mpya na kuipandisha mtandaoni, na watu huchora chochote, kutoka jeshi la Brazil mpaka chupa za bia. Kwa hivyo nimeanza. Nataka Harvard ya Mweiga, 1954, ikae kwenye menyu katikati ya zile nyingine, na maelezo mafupi chini yake kama yale wanayoandikiwa Tuskegee: kikosi, uwanja, mwaka, kazi. Kuandika neno hilo la mwisho kumenichukua muda mrefu kuliko kuchora mabawa. Wenzangu wa simuleta wangeandika mafunzo na doria. Nimeandika kuangusha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, nikaacha hapo, bila kivumishi.

Namba za ubavuni bado zinanisumbua. Picha nilizonazo ni ndogo, nyeusi na nyeupe, na ukizikuza zinageuka madoadoa. Mpaka nipate iliyo wazi, ndege yangu inapaa Mweiga ikiwa na namba kubwa ya Reno ubavuni, juu ya uwanja ambao siku hizi hupokea watalii wanaokuja kutazama tembo. Makao makuu ya hifadhi yako hapohapo. Simuleta imechora miti ya Nyandarua kwa picha za satelaiti, mmoja mmoja, na ukishuka chini vya kutosha unaweza kuona mahali mianzi inapoanzia.